Mwaridi wa Kwenda Bombani

Asubuhi ile mwiba ulimkamata Nesi begani kabla hata hajalifunga geti, na kitambaa cha sare kikatoa ile sauti ya kuraruka aliyokwisha kuizoea. Ilikuwa sare ya tatu mwaka huo. Akasimama pale pale, mfuko mkononi, miguu imevimba ndani ya raba, akautazama mti ule kama unavyomtazama mgeni aliyesema amekuja kwa siku mbili na sasa anamaliza mwaka wa ishirini.

"Wewe," akauambia, "mimi na wewe, mmoja wetu atahama hapa."

Maneno tu hayo. Mwaridi mwitu haumhami mtu. Mama yake, Mungu amrehemu, aliuleta ukiwa kijiti cha urefu wa kidole, kimeviringishwa kitambaa kibichi, akakichomeka karibu na geti akasema, huu hautaki mbolea, hautaki maji, hautaki mtu. Na kweli haukutaka. Kiangazi kilikausha mchicha, kikakausha mpaka nyasi za ukutani, mwaridi ukachanua. Mbuzi wa watu waliingia wakautafuna hadi shina, ukarudi mnene kuliko mwanzo. Mizizi yake ilikwenda chini kwa chini bila kumwomba mtu ruhusa, leo imechomoza huku, kesho imechomoza kule. Ukiung'oa mbele ya nyumba, wiki ijayo unaukuta nyuma ya choo umesimama, mzima wa afya. Maua yenyewe madogo, petali tano tu, meupe yenye wekundu wa mbali, yanadumu siku mbili yakapukutika. Ila harufu, hapo tusiuonee. Harufu yake iliingia mpaka kwenye sufuria za jikoni.

Basi mti huo ulikuwa umeuteka uwanja mzima. Ulitoka getini ukaja mpaka mlangoni, ukatoka mlangoni ukaenda bombani, ukatoka bombani ukakunja kona kwenda chooni, na njia iliyobaki katikati ilikuwa nyembamba hivi kwamba mtu mwenye ndoo alipita kiubavu. Aliyeruhusiwa kuugusa ni mmoja tu, naye ni baba yake Nesi.

Mtaani walimwita Mzee Saa. Miaka arobaini alikaa kwenye kibanda kidogo na lenzi jichoni, akifungua saa za watu na kuzirudishia uhai, mpaka miaka mitatu iliyopita alipofunga kibanda akasema mikono imeanza kutetemeka. Tangu hapo kazi yake ikawa miwaridi. Kila asubuhi alitoka mlangoni amenyoosha mkono wa kushoto, akipitisha vidole juu ya majani polepole, kama afisa anayekagua gwaride. Hapa anakata kitawi kwa mkasi, pale anakilaza kingine chini na kukikandamiza kwa jiwe ili kiote mizizi. Vidole vyake vilikuwa makovu matupu.

"Baba, si uvae glavu?" Nesi alimwambia siku moja.

"Nikivaa glavu nitaujuaje?"

Nesi alidhani ni mapenzi ya marehemu mama. Hakuuliza zaidi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hana maswali, ana usingizi.

Na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Wodi ya majeruhi, vitanda thelathini, wauguzi wawili, na mmoja wao kila mara ana udhuru. Akitoka huko, nyumbani kuna kufua, kuna kupika, kuna dawa za presha za mzee, kuna sakafu. Kaka yake mkubwa, anayeishi mbali, alipiga simu mara moja kwa mwezi kuuliza "Mzee hajambo?" na kukata kabla hajajibiwa. Nesi alikuwa amechoka hadi akawa anasahau kwamba amechoka. Alidhani ndivyo alivyo.

Siku hiyo ya sare kuraruka alikuwa na barua kwenye mfuko. Alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea kazi ya chumba cha upasuaji, miezi tisa, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Jambo hilo alilitaka tangu angali msichana. Mara ya kwanza walipomchagua mama aliugua, akaahirisha. Mara ya pili mama alifariki, akaahirisha. Sasa ana miaka arobaini na miwili, na metroni alipompa barua ya tatu hakumficha.

"Ukikataa safari hii, jina lako nalifuta," alimwambia. "Sikutishi. Kuna wasichana wa juzi juzi hapa wametoa macho wanaisubiri nafasi hiyo. Wiki tatu, unaripoti Jumatatu. Hufiki, basi."

Baba yake alikuwa mezani anakunywa chai. Nesi alimsomea barua, kwa sababu mzee alisema miwani yake imelegea skrubu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nenda," akasema.

"Na wewe nani atakuangalia?"

"Kwani mimi mtoto wa kuangaliwa? Miguu mizima, macho mazima. Jana tu nimemwona Mama Pacha hapo jirani ana gauni jipya, la kijani. Limempendeza."

Na kweli lilikuwa la kijani. Nesi akaridhika.

Hebu fikiria. Mwanamke usiku kucha anammulika kila mgonjwa jichoni kwa tochi, hili sawa, hili si sawa, halafu anafika kwa baba yake mzazi anaridhishwa na habari ya gauni. Lakini tumwache kwanza. Tutamlaumu baadaye, na yeye mwenyewe atatusaidia.

Kilichomsumbua ni mkono wa mzee. Mwezi uliopita mwiba ulimwingia kiganjani, ukavunjikia ndani, mkono ukavimba na kutunga usaha. Nesi aliupasua na kuusafisha mwenyewe, siku kumi mfululizo. Sasa akiwa mbali ukimwingia mwingine? Mzee ni mbishi, atakaa kimya mpaka mkono uoze. Kwa hiyo akaamua. Kabla ya kuondoka atamfanyia baba yake jambo moja la maana. Atamfungulia njia, njia pana, safi, isiyo na mwiba hata mmoja, apite mikono mfukoni kama bwana mkubwa.

Alingoja Jumamosi. Kila Jumamosi jirani yao, fundi magari, mume wa Mama Pacha, alimpitia mzee kwa gari na kumpeleka kwenye gereji yake, ambako wazee wenzake walicheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka jioni. Gari lilipoondoka tu, Nesi akajifunga kanga kiunoni, akatoa jembe na panga.

Kazi ile usiombe. Matawi yalimshika nywele, yakamshika mgongo, ukitoa huku yananasa kule. Alikata ya juu kwa panga, akaingia chini kwa jembe, akailima mizizi na kuikatakata vipande vipande kwa hasira zake zote za miaka ishirini. Hili la sare ya kwanza. Hili la sare ya pili. Jembe lilipanda na kushuka, jasho likimwingia machoni, mikono ikivuja damu mpaka mpini ukateleza. Mama Pacha alisikia kishindo, akachungulia juu ya ukuta, na gauni lake la kijani.

"Nesi! Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Mzee anajua?"

"Nataka kumshtukiza."

Mama Pacha akaweka mkono mdomoni.

"Si umngoje arudi kwanza, mwenzangu? Mti ni wake..."

"Mama Pacha, niache, jamani. Nimechoka. Nikikaa chini siinuki tena."

Mama Pacha akashuka ukutani. Nesi aliendelea mpaka saa tisa. Miwaridi ya bombani yote ikaenda, ya chooni ikaenda, ya mlangoni ikaenda. Ukabaki mmoja tu, ule wa kwanza wa getini, wenye shina nene kama mkono wa mtu. Huo ulimshinda. Alirundika matawi kando ya jiwe la kufulia, akafagia, akamwaga maji vumbi litulie. Uwanja ukawa mkubwa, mtupu, hadi ukutani unaona. Nesi akaoga, akakaa dirishani kumngoja baba yake. Alikuwa hoi, ila kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alijisikia vizuri.

Gari lilipiga honi, likamshusha mzee, likaondoka kama kawaida. Geti likalia. Mzee akaingia, mkono wa kushoto umenyooka, akaugusa mwaridi wa getini, akatabasamu kidogo. Akapiga hatua kuutafuta wa pili.

Mkono ukashika hewa.

Akaurudisha, akaupeleka tena, chini zaidi. Hewa. Akasimama.

"Baba!" Nesi aliita toka dirishani. "Umeona?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti, ila hakufika. Uso wake ulitazama ukuta, hatua tatu pembeni ya dirisha, ukaukenulia ukuta meno.

"Nimeona, mama. Umefanya kazi kubwa. Kumependeza."

Kisha akaanza kutembea. Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda, kifua mbele, na alikokuwa anakwenda siko. Aliupita mlango. Aliupita kwa mbali, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye rundo la matawi, likamkamata suruali, akajivuta, akayumba, akasimama katikati ya uwanja ule mpana na mikono yake yote miwili mbele. Hakuita mtu. Alikuwa anageuka polepole, huku na huku, akisikiliza.

Nesi alitoka na raba zake ambazo hazisikiki. Akasimama mbele yake, karibu, pumzi kwa pumzi. Akainua mkono, akaupitisha mbele ya macho ya baba yake mara moja, mara mbili. Macho yakabaki yanatazama juu ya bega lake.

"Mama?" mzee akaita kwa sauti ya juu, kuelekea nyumbani. "Hebu niambie, mwiko wangu wa bustani umeuweka wapi?"

"Niko hapa, baba."

Mzee alishtuka. Halafu mabega yakashuka, kama aliyetua mzigo.

"Ah," akasema. "Basi."

Nesi alimshika mkono akamwongoza mpaka kizingitini, wakakaa. Nesi alitoa miiba kwenye suruali ya mzee, mmoja mmoja.

"Tangu lini?"

"La kulia lilianza kabla mama yako hajafa. La kushoto lilivumilia vumilia. Sasa ni mwaka wa tatu sijui mchana wala usiku. Naujua mchana kwa joto."

"Kibanda ulifunga kwa ajili hiyo. Si mikono."

"Mikono yangu haijatetemeka hata siku moja."

"Na gauni la Mama Pacha?"

"Nilimuuliza la rangi gani. Mwanamke akinunua gauni jipya utamsikia tu."

Nesi aliujua ugonjwa huo. Presha ya macho, inamla mtu kidogo kidogo toka pembeni, haiumi, haipigi kelele. Ikikamatwa mapema kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, jicho linabaki. Dawa yenyewe ipo kwenye kabati la wodi iliyo jirani na yake, ameishika kwa mikono yake mara ngapi. Ikishachelewa, kilichokwenda kimekwenda.

"Ningekuwekea matone," akasema. "Ungeniambia mwaka ule, baba, ningekuwekea matone na ungekuwa unaona. Mimi ni muuguzi! Nalala chumba cha pili!"

"Ndiyo maana nilinyamaza. Mwanzoni nilidhani ni miwani. Nilipojua si miwani nilikuwa nimeshachelewa, na sikutaka uje kukaa hapa kama ulivyokaa sasa unalia."

"Silii."

"Sawa."

Alikuwa analia, bila shaka. Alilia kwa hasira, kamasi na machozi, kanga mdomoni.

"Umenidanganya miaka mitatu."

"Ningekuambia ungekaa."

"Ningekaa, ndiyo!"

"Ndiyo hiyo," mzee akasema.

Kidogo kidogo akamweleza. Macho yalipoanza kumtupa, mwaridi wa mama ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Yeye akaumalizia. Kila tawi alilolilaza chini na kulikandamiza kwa jiwe alikuwa analipeleka anakotaka yeye. Safu ya bombani aliikata iwe ya kiunoni. Safu ya chooni akaishusha iwe ya magotini. Kwenye kona alisuka matawi mawili yakawa kama kitanzi, ukikishika unajua hapa nakunja. Fundi ni fundi. Alijitengenezea uwanja kama alivyotengeneza saa, kila kitu mahali pake, kwa kugusa. Na binti yake akaifungua saa ile kwa jembe siku moja.

Kibaya zaidi, mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama Pacha alijua, mumewe alijua, wazee wa drafti walijua. Vizibo vya mzee viligeuzwa chali na vya wenzake vikafudikizwa ili avitambue kwa kidole. Nesi alimfuata Mama Pacha kesho yake asubuhi, hata salamu hakutoa.

"Ulinitazama nakata ukanyamaza!"

"Aliniapisha, mwenzangu," Mama Pacha akasema, na yeye machozi yakimlenga. "Na nilijaribu kukuzuia. Ukaniambia umechoka. Kila nikikusemesha wewe umechoka. Nikuambie saa ngapi?"

Nesi alirudi nyumbani, akatoa kamba ya kuanikia nguo, akachimbia vigingi, akaivuta toka mlangoni hadi bombani, bombani hadi chooni, mlangoni hadi getini. Mzee aliipitia kwa mkono mara moja, akarudi.

"Asante. Ila kamba haisemi niko wapi. Kamba ni ile ile mwanzo mpaka mwisho."

Basi Nesi alichukua ile sare iliyoraruka begani, akaichana vipande, akafunga kama afungavyo bendeji. Fundo moja bombani. Mafundo mawili kwenye kona. Matatu getini. Mzee akajifunza. Siku ya kwanza aliteleza akaangukia ndoo. Siku ya pili alipotea njia alipoiachia kamba kupiga chafya. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, kumi na moja mpaka bombani, na akinyoosha mkono bomba liko shubiri nzima kushoto kwake. Nesi alitazama hayo yote akitoka zamu na kwenda zamu, na kila siku alisema moyoni kwamba kesho atamwambia metroni hapana. Kesho ikifika hakuwa na nguvu hata ya kusema hapana.

Siku ya kumi mzee alimwita toka uwanjani. Alikuwa amechuchumaa, peku, anapapasa udongo.

"Njoo. Hiki ni nini?"

Nesi akainama. Vilikuwa vichipukizi vyekundu, vidogo kama njiti za kiberiti. Akatazama mbele. Vilikuwa vimejaa uwanja mzima, kila mahali, hadi chini ya jiwe la kufulia, hadi mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwaridi tangu nyumba ijengwe.

"Mizizi uliikata kwa jembe?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Vipande vipande?"

"Ndiyo, baba, vipande vipande!"

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini mavumbini.

"Hukuung'oa basi. Umeupanda! Kila kipande mti. Mama yako angekuona leo angekupa zawadi."

Na Nesi, jamani, Nesi aliyevuja damu Jumamosi nzima, naye kikampata kicheko, akakaa mavumbini pembeni ya baba yake, akacheka hadi mbavu zikauma, na katikati ya kicheko akagundua kwamba analia tena. Mzee alimshika kichwa.

"Nitamwambia metroni siendi," Nesi akasema. "Nimeshaamua."

"Nisikilize. Mimi nimekaa gizani miaka mitatu bila kulalamika, kwa ajili ya barua hiyo. Nilijua itakuja tena. Ukiikataa nitakuwa nimekaa bure."

"Usinibebeshe hilo, baba. Nimebeba mengi."

"Nakubebesha. Ndilo la mwisho. Mama Pacha atakuja asubuhi na jioni, nimeshaongea naye. Mti utakuwa umefika magotini kabla hujamaliza nusu ya masomo. Mimi ninao muda wa kuungoja. Wewe huna."

Nesi alipiga magoti, wakaanza kuchagua. Yeye anamwambia kilipo kichipukizi, mzee anapima kwa shubiri toka kwenye kamba, anasema acha, au ng'oa. Acha, acha, ng'oa. Hiki kitakuwa cha kona. Hiki ng'oa, kitanichoma nikinawa. Walifanya hivyo siku nne, jioni jioni, na hawakuongea habari ya metroni tena. Siku ya tano Nesi alitoa begi lake juu ya kabati akalipangusa vumbi, akalirudisha. Siku ya sita akalitoa tena.

Jumapili asubuhi, basi likiwa la saa tatu, mzee alimsindikiza getini kwa kamba yake, akipita mafundo, akihesabu. Hakuyumba. Pale getini waliagana kwa haraka, kwa sababu wote wawili hawakujiamini.

"Dawa za presha ziko..."

"Kwenye kopo la chai, najua. Nenda."

"Mwiba ukikuingia umwambie Mama Pacha siku hiyo hiyo, si kesho yake."

"Nenda, mama."

Nesi akafungua geti, likalia. Akalifunga, likalia tena. Ila hakutoka. Alibaki ndani, mgongo kwenye bati, begi kifuani, amebana pumzi. Alitaka kuona. Akianguka, alijiambia, akipotea hata mara moja, naweka begi chini na sitalinyanyua tena maishani. Na niseme ukweli, nusu ya moyo wake ilikuwa inamwombea aanguke.

Mzee aligeuka, akaishika kamba. Alikwenda polepole, midomo ikihesabu, miguu ikipapasa kabla ya kukanyaga. Katikati ya njia akasimama, akainama, akakigusa kichipukizi kimoja kwa ncha ya kidole, akakiacha. Akaendelea. Alifika mlangoni. Akapapasa kizingiti, akakaa, akaweka mikono magotini. Uso wake ulitazama mahali pasipo na kitu. Alionekana mzee sana, mdogo sana, na Nesi akahisi mkanda wa begi unamteleza begani.

"Mama," mzee akasema, si kwa sauti kubwa. "Geti limelia mara mbili, lakini sijasikia kokoto."

Nje ya geti barabara ilikuwa imemwagwa kokoto.

"Nimefika," mzee akasema. "Umeshaona. Utachelewa basi."

Nesi akafungua geti, likalia mara ya tatu. Mwaridi wa getini ukamshika mkono wa blauzi. Akautoa taratibu, bila kitu kuraruka, na akatoka. Alikuwa amevaa zile raba za kazini ambazo hazisikiki, kwa hiyo ilibidi akanyage kwa nguvu. Alikanyaga kokoto zile kwa kishindo, mtu mzima na begi lake, watu wa dukani wakimshangaa, mpaka alipofika kona.